Mgeni wa angani: Mkulima wa Ulaya anavuna nini kwenye kiwanja cha nyasi?

KATIKA nchi kadhaa za Ulaya wapo wakulima ambao, pamoja na ngano, kondoo na ng'ombe wa maziwa, wana zao jingine lisiloingia ghalani. Zao hilo ni kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 400 hadi 800, kilichofyekwa nyasi zikabaki fupi, ambapo ndege ndogo za watu binafsi hutua na kuruka.

Hapo hakuna lami wala mnara wa kuongozea ndege. Kuna mfuko wa kitambaa unaoning'inia juu ya mlingoti kuonyesha upepo unakotoka, namba ya simu ya mwenye shamba, na mara nyingi sanduku la kutumbukizia ada. Rubani anapiga simu kabla ya kuja, anatua, anafunga ndege yake kwa kamba, kisha anatembea kwa miguu kwenda kutafuta chai.

Kwa haraka haraka msomaji anaweza kusema hiyo ni starehe ya watu wenye fedha zao, haimhusu mkulima wala mfanyabiashara mdogo. Lakini ukiitazama kwa jicho la uchumi, ni biashara inayogusa swali la kila mtu mwenye ardhi au duka kando ya njia ya wageni. Mgeni anapopita, fedha yake inabaki kwa nani?

Makala haya yanachambua hesabu za viwanja hivyo, sheria zinazovilinda au kuvibana, na sababu zinazofanya baadhi yao kufa. Ieleweke mapema kuwa ada ya kutua peke yake hailipi. Kinacholipa ni kile kinachomfanya mgeni akae.

Ruzuku inapungua, ardhi inatafuta kazi

Kwa miaka mingi mkulima wa Uingereza, kama wenzake wa Umoja wa Ulaya, alilipwa ruzuku kwa kila hekta aliyoimiliki au kuilima. Baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja huo, serikali ilianza mwaka 2021 kupunguza malipo hayo kwa wakulima wa England. Mwaka 2024 malipo yalitenganishwa kabisa na ardhi.

Mwaka 2025 panga likakata zaidi. Katika pauni 30,000 za kwanza ambazo mkulima alistahili, asilimia 76 iliondolewa, na kiasi chochote kilichozidi hapo hakikulipwa kabisa. Mpango mzima umepangwa kufikia mwisho mwaka 2027. Fedha imehamishiwa kwenye mipango ya kutunza mazingira, ambayo haimfai kila mkulima kwa kiwango kilekile.

Matokeo yake ni kwamba kila pembe ya shamba inaulizwa inaleta nini. Zaidi ya nusu ya mashamba ya England yana kipato kutoka shughuli isiyo ya kilimo, na shughuli inayoongoza ni kupangisha majengo. Wengine wanauza nyama na jibini shambani au wanakaribisha wageni wa kulala. Kiwanja cha ndege cha nyasi kimo katika kundi hilo, ingawa ni sehemu ndogo yake.

Hesabu ya hekta mbili

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuchukue njia ya kurukia yenye urefu wa mita 600, na upana wa mita 30 pamoja na kingo zake. Hiyo ni meta za mraba 18,000, yaani hekta 1.8.

Ngano nchini Uingereza hutoa wastani wa takriban tani 8 kwa hekta. Kwa hiyo eneo hilo lingetoa tani 14.4. Tukiweka bei ya pauni 180 kwa tani, mauzo ni pauni 2,592. Tukitoa pauni 600 kwa hekta za mbegu, mbolea na dawa, zinabaki kama pauni 1,500 kabla ya kulipia trekta na nguvu kazi.

Sasa tugeukie ndege. Ada ya kutua kwenye viwanja vya mashambani huwa kati ya pauni 5 na 15, na wapo wasiotoza kitu. Tukiweka pauni 10, mkulima anahitaji ndege 150 kwa mwaka ili apate zile pauni 1,500 alizopoteza kwa kutolima ngano. Hizo ni ndege tatu kila wiki, mwaka mzima.

Lakini mwaka mzima haupo. Majira ya baridi udongo hulowa, gurudumu huzama, na mkulima mwenyewe hufunga kiwanja. Kwa hiyo wageni wote hao wanatakiwa waje katika miezi ya kiangazi, tena siku ambazo hali ya hewa ni nzuri. Wakati huohuo nyasi zinakua, na kila mara trekta lazima litoke kufyeka.

Kwa maneno mengine, ada ya kutua inarudisha hela ya ngano tu, tena kwa mwaka mzuri. Mkulima anayeanzisha kiwanja kwa kutegemea sanduku la ada amekosea hesabu kabla ya kununua mlingoti.

Fedha ya maana iko kwingine. Tuseme mkulima ana banda kuukuu lililokuwa la nyasi kavu, akalikarabati likatosha ndege sita. Akitoza pauni 120 kwa mwezi kwa kila ndege, kwa mwaka anapata pauni 8,640. Ndege hizo zinalipa zikiruka, na zinalipa zikiwa zimelala. Mvua ikinyesha mwezi mzima, kodi ya banda iko palepale.

Bila shaka kuna gharama za ukarabati, bima, kodi ya serikali na vibali. Hata hivyo, tofauti iko wazi. Anayetua mara moja analeta hela ya chai, na anayepangisha analeta kipato cha kupangia bajeti.

Nani anaruka?

Ikumbukwe kuwa wateja hawa si mabilionea. Wapo matajiri, lakini wengi ni mafundi, walimu wastaafu, madaktari na wakulima wenyewe. Nchini Uingereza ni jambo la kawaida ndege moja kumilikiwa kwa hisa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo inatambua umiliki wa pamoja wa watu hadi 20, kila mmoja akiwa na walau asilimia 5. Huo ni ushirika mdogo, tofauti ni kwamba mali yao ina mabawa.

Ndege yenyewe inaweza kuwa Cessna 172 ya watu wanne, inayokula kama lita 35 za mafuta kwa saa. Inaweza pia kuwa ndege nyepesi sana ya watu wawili yenye injini ya Rotax 912 kutoka Austria. Injini hiyo ina nguvu za farasi 80 au 100, hutumia kama lita 15 kwa saa, na inakubali petroli ya kawaida ya magari.

Jambo hili la mafuta si dogo. Petroli maalumu ya ndege za zamani ina madini ya risasi. Tangu Mei 1, 2025, kemikali inayobeba madini hayo haiwezi kutumika katika Umoja wa Ulaya bila idhini maalumu. Kila hatua ya namna hiyo inaongeza thamani ya ndege inayokubali petroli ya gari, na ndege hizo nyepesi ndizo zinazofaa viwanja vifupi vya nyasi.

Aidha, uzito wa ndege nyepesi sana uliokuwa umezuiwa kwenye kilo 450 kwa miaka mingi, umelegezwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018 iliruhusu kila nchi mwanachama kupandisha hadi kilo 600. Uingereza nayo ikafanya hivyo mwaka 2021. Ndege zenye uwezo zaidi maana yake ni wageni wanaoweza kutoka mbali zaidi, wakiwa na begi la kulala.

Mgeni akilala

Mfano mzuri uko kisiwa cha Mull, magharibi mwa Uskoti. Kwa kawaida mtu hufika huko kwa kivuko kutoka mji wa Oban. Lakini kando ya bahari kuna kiwanja cha nyasi kinachoitwa Glenforsa, chenye urefu wa zaidi ya mita 700, kilichojengwa na wahandisi wa jeshi mwaka 1966.

Pembeni ya kiwanja kuna hoteli ya mbao. Rubani akishatua anatembea hatua chache anafika mezani. Kila mwaka mwezi Mei marubani hukutana hapo kwa wingi, wengine wakilala kwenye hema chini ya bawa la ndege.

Tazama biashara ilivyopangwa. Ada ya kutua ni ndogo ukilinganisha na bei ya chakula cha jioni na kitanda kwa watu wawili. Kiwanja ni mlango, hoteli ndiyo duka. Mwenye duka akitoza sana mlangoni, wateja wataishia nje, maana mgeni huyu ana sehemu nyingi za kwenda na anaamua asubuhi hiyohiyo kwa kutazama mawingu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyo hana budi kuwa na kitu cha kuuza. Mkulima mwenye kiwanja asiye na chai, chumba, banda wala jibini, anamwona mgeni akitua, akinyoosha miguu, kisha akiruka kwenda kutumia fedha yake kwa jirani.

Nyasi si lami

Tatizo la pili ni la kiufundi, na linagusa roho za watu. Ndege inahitaji umbali fulani ili ipate kasi na kuinuka. Nyasi hushika magurudumu wakati wa kuruka, na zikilowa huteleza wakati wa kutua.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwapa marubani wa ndege ndogo viwango vya kukadiria. Kwa kuruka, nyasi kavu juu ya udongo mgumu huzidisha umbali kwa 1.2, na nyasi zilizolowa kwa 1.3. Mwinuko wa asilimia 2 huongeza 1.1. Baada ya hapo rubani anashauriwa kuzidisha tena kwa 1.33 kama akiba ya usalama.

Tuchukue ndege inayohitaji mita 400 kwenye lami kavu ili iruke na kufikia kimo cha mita 15. Kwenye nyasi zilizolowa inahitaji mita 520. Kama inaelekea mlimani kidogo, ni mita 572. Ukiweka akiba ya usalama unafika mita 761.

Kwa hiyo kiwanja cha mita 600 kilichotosha Jumamosi yenye jua, kinaweza kuwa mtego Jumapili baada ya mvua. Wapo marubani waliotua salama wakalazimika kuacha ndege hadi ardhi ikauke, na wapo waliojaribu kuruka wakaishia kwenye uzio.

Hapa ndipo kazi ya mkulima inapoonekana. Anatakiwa kufyeka mara kwa mara, kushindilia udongo, kusawazisha vichuguu vya fuko, kuzibua mitaro na kuondoa kondoo kwa wakati. Katika mashamba mengi kondoo hulishwa humohumo kwenye njia ya kurukia. Ndiyo sababu rubani anatakiwa kupiga simu kwanza.

Simu hiyo ni sehemu ya bidhaa. Mkulima anayesema ukweli kwamba upande wa mashariki umelowa, au kwamba kuna nyaya za umeme mwisho wa njia, anauza imani. Uamuzi wa kutua unabaki kwa rubani mwenyewe, lakini mkulima anayeficha tope ili apate pauni 10 atawapoteza wote, kwa kuwa habari husambaa upesi kati ya marubani.

Katika milima ya Alps mambo ni magumu zaidi. Viwanja vingi vya huko vimelala kwenye mteremko, kwa hiyo ndege hutua ikipanda mlima na huruka ikishuka. Rubani akishaanza kutua mara nyingi hana nafasi ya kubadili mawazo. Ufaransa inadai mafunzo ya pekee kwa marubani wa milimani. Tena sheria yake ya milima ya mwaka 1985 inazuia kushusha watalii kwa ndege milimani nje ya viwanja vinavyotambuliwa.

Sheria tatu, matokeo matatu

Nchini England mwenye ardhi anaweza kuitumia kwa shughuli ya muda kama hii kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka bila kuomba kibali cha mipango miji. Akitaka zaidi anakwenda halmashauri. Utaratibu huo unampa mkulima nafasi ya kujaribu soko kabla ya kuingia gharama. Asipopata wateja, mwaka unaofuata analima kama kawaida.

Ufaransa nayo ina njia nyepesi kwa ndege nyepesi sana. Kiwanja cha muda kinahitaji ridhaa ya mwenye ardhi na taarifa kwa meya wa eneo hilo. Cha kudumu kinapitia kwa meya na ofisi ya serikali ya mkoa. Hapa anayesikilizwa mapema ni kiongozi anayewajua majirani.

Ujerumani imeshika njia nyingine. Kwa kawaida ndege inatakiwa kutua kwenye kiwanja kilichoidhinishwa, na kutua kwenye shamba la mtu kunahitaji kibali cha mamlaka. Kwa miaka mingi pia ilizoeleka kuwa lazima awepo mtu wa zamu ardhini, sharti ambalo limeanza kulegezwa miaka ya karibuni.

Kila nchi ina hoja yake. Sheria ngumu inapunguza kelele na ajali, lakini inamfungia nje mkulima mdogo asiyeweza kulipia vibali na mtu wa zamu. Kinachofanyika Ujerumani ni kwamba viwanja vingi vinashikwa na vilabu, ambavyo vina wanachama wa kujitolea. Sheria nyepesi inamfungulia mkulima mlango, lakini inahamishia mzigo wa amani kwa majirani.

Kuna pia suala la mpaka. Ndani ya eneo la Schengen rubani anaweza kula asubuhi Ufaransa na kulala Ujerumani bila kupita kwa ofisa uhamiaji. Anayetoka Uingereza hana nafasi hiyo. Ni lazima atue kwanza kwenye kiwanja chenye forodha na uhamiaji. Tangu Aprili 2024 safari za ndege binafsi kuingia au kutoka Uingereza zinatakiwa kutolewa taarifa kwa mtandao walau saa mbili kabla ya kuondoka.

Kwa kiwanja cha nyasi kisicho na ofisa hata mmoja, utaratibu huo unamaanisha kwamba mgeni wa nchi jirani atakwenda kwanza kwenye kiwanja kikubwa, na fedha ya chakula cha mchana itaishia huko.

Jirani na mjenzi wa nyumba

Adui mkubwa wa kiwanja cha nyasi, hata hivyo, ni bei ya ardhi. Karibu na miji, hekta moja inayoruhusiwa kujengwa nyumba ina thamani ambayo ngano haiwezi kuifikia, wala ada ya kutua, wala kodi ya banda.

Kiwanja cha nyasi cha Panshanger, kaskazini mwa London, kilifungwa mwaka 2014 ardhi yake ikitakiwa kwa ujenzi wa nyumba. Serikali ya Uingereza iliona hatari hiyo, na sera yake ya mipango ya mwaka 2018 ikazitaka halmashauri kutambua umuhimu wa kuwa na mtandao wa viwanja vya ndege ndogo nchi nzima. Lakini kutambua umuhimu hakumlipi mwenye ardhi. Mwenye nyumba mpya naye, akishahamia, huanza kulalamikia kelele za ndege alizozikuta.

Kwa sababu hiyo viwanja vya mbali vina nafuu ambayo mwanzoni ilionekana ni udhaifu. Kisiwani, mlimani au bondeni kusikofika reli, mjenzi wa nyumba haji kwa kasi ile. Umbali uliomfanya mkulima akose soko la maziwa ndio unaomlindia kiwanja chake, na ndio unaomfanya rubani atake kwenda huko.

Fundisho kwa msomaji

Msomaji hahitaji kuwa na kiwanja cha ndege ili anufaike na hesabu hizi. Zinamfaa mwenye shamba kando ya barabara kuu, mwenye kibanda karibu na lango la hifadhi, au mwenye kiwanja tupu jirani na kituo cha mabasi.

Kwanza, pima ardhi yako kwa kile unachokiacha. Kabla ya kusema wageni watalipa, jua zao lililopo linakupa nini, kisha hesabu ni wageni wangapi wanatakiwa kuja ili usipate hasara. Idadi hiyo ikikushangaza, bora ujue leo.

Pili, usitafute faida mlangoni. Ada ya kuingia, ya kuegesha au ya kutua iwe nafuu, na biashara iwe kwenye chakula, kitanda, hifadhi ya mali na mazao ya shamba lako. Kama huna hata kimoja cha kuuza, zungumza na jirani aliye nacho mgawane kabla wageni hawajaanza kuja.

Tatu, jaribu kidogo kwanza. Mkulima wa England anapewa siku 28 na sheria. Wewe jipe msimu mmoja, na kabla ya kuanza onana na majirani pamoja na serikali ya kijiji, kwa sababu malalamiko yakishafika ofisini ni ghali kuyamaliza.

Mwisho, sema ukweli kuhusu tope. Mgeni aliyeambiwa leo asije kwa sababu njia imelowa, atapiga simu tena wiki ijayo. Huyo ndiye atakayekuja kuulizia nafasi bandani.